Ujira wa Hapana

Nyumba ya kwanza, Bugembe: elfu ishirini ya kuonyeshwa.
Ya pili, Mafubira: elfu ishirini na soda juu,
mwenye ufunguo yuko msibani,
tukaichungulia dirishani kama wezi wa mchana.
Ya tatu sitaki kuisema.

Tenywa alitangulia siku zote,
viatu vimeng'arishwa, soli imelika upande mmoja,
simu mbili mkononi: moja ya wauzaji, moja yetu sisi,
nami niligundua mapema
ile ya wauzaji haiiti mara mbili.

Nikamuuliza, Wewe unalipwa na nani?
Akacheka. Tano kwa mia kwako, mama,
tano kwa mwenye nyumba,
na mwenyekiti wa kijiji ana yake ya muhuri.
Alizitaja bila haya, kama mtu anayehesabu vidole vyake mwenyewe.

Usiku nikakaa na kalamu.
Mimi ni mkunga, miaka ishirini na sita wodi ya wazazi,
hesabu yangu ni ya matone kwa dakika, lakini hii nayo niliiweza:
nikimbana muuzaji milioni tano zishuke,
Tenywa anapoteza laki mbili unusu kwangu,
na laki mbili unusu kwake.
Kila neno la kupunguza ninalomtuma akaseme
linakata mnofu kwenye sahani yake.
Mshika mawili moja humponyoka, walisema.
Hawakumjua Tenywa.
Ameyashika yote mawili;
aliyeponyoka ni mimi.

Kisha ile ya nane, Masese.
Kijani, vigae, milioni themanini.
Balikowa, mume wangu, ameshapima kwa hatua
kochi likae wapi,
ameshagombana nami juu ya pazia.
Tenywa yuko nyuma ya nyumba, kimya, ananusa.
Akachomoa ufunguo wa pikipiki, akauchoma ukutani.
Ukazama kama kisu kwenye papai.

Mama, akasema, rangi hii ni ya wiki jana.
Hapa palikuwa na mafunjo.
Mvua ya Aprili itaingia ilale na wewe kitandani.
Usinunue.

Tulirudi bila maneno.
Milioni nane, nne huku na nne huku,
mtu amezitupa kwa neno moja,
na kwa neno hilo desturi inamlipa sifuri.
Angenyamaza, angekuwa tajiri
nami ningekuwa na nyumba ya vyura.

Wodini mkunga halipwi kwa uzito wa mtoto.
Na yule tuliyemwambia, Bado, nenda nyumbani, rudi Jumatano,
naye alikuwa kazi;
mshahara wa mwisho wa mwezi ulimhesabu.

Nikachana karatasi ya daftari, nikaandika:
Elfu hamsini kwa siku ya kutembea, tupate tusipate.
Siku ya kupata, milioni mbili,
nyumba iwe ya sitini, iwe ya tisini.
Kwa muuzaji usipokee hata soda.
Hapana yako nitainunua kama ndiyo.

Akaisoma mara mbili.
Na muhuri wa mwenyekiti?
Huo, nikamwambia, ni ugonjwa mwingine.
Akakuna shingo. Akataka siku ya Masese ihesabiwe mbili.
Nikaihesabu mbili.
Akatia sahihi polepole,
kama mtu anayevua kiatu kinachombana
na hajui miguu itasemaje.

Sasa ni Novemba. Bado tumepanga Walukuba,
bomba bado tunagombea na majirani wanane.
Balikowa anasema nimeajiri mtu wa kukataa.
Anawaambia na shemeji zake, wanacheka.

Leo asubuhi simu imelia, ile namba yetu sisi.
Mama, ya Mpumudde usije. Hati ina majina mawili.
Nimetoka kuiona.

Nikatuma elfu hamsini,
na ya kutolea.